Shimo la Mke wa Kinyozi

"Shuka langu limeingia shimoni tena. Nani kaisogeza hii kamba?"

"Kamba ipo pale pale tangu nihamie."

"Usinitanie, mzee wangu. Ilikuwa kule ukutani. Umeivuta huku katikati ili dirisha lako lipate upepo."

Mstaafu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba chake, kikombe mkononi. Alikunywa funda moja, akatafakari. "Kamba haijasogea," alisema. "Labda shimo ndilo limesogea."

"Shimo gani linasogea?"

"Na shimo gani linajichimba?"

Bi Redio akainama, akalitoa shuka shimoni. Alilikung'uta shuka, akamrushia Mstaafu matone ya tope kama bahati mbaya, akarudi bombani kuanza upya.

Shimo halikuwa limesogea. Lilikuwa katikati ya ua, baina ya bomba na mlango wa choo, mahali ambapo kila mpangaji wa nyumba ile alilazimika kupita na ndoo yake. Lilikuwa na urefu wa mke wa kinyozi. Upana wake ulikuwa upana wa mabega ya mke wa kinyozi, na upande wa kichwani lilikuwa limetanuka kidogo, kwa sababu siku lilipotokea alikuwa amesuka nywele za kubandika. Kingo zake zilikuwa zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Udongo wake haukujulikana umekwenda wapi, na hicho ndicho kilichomsumbua Mstaafu, aliyekuwa mtu wa taratibu. Mengine yote alikuwa ameyakubali.

Lilianza pale kinyozi, mpangaji mwenzao, aliposema, akiwa ananawa mikono bombani, kwamba atamuua mke wake. Aliyasema hayo kwa sauti ile ile anayomuulizia mteja kama apunguze na pembeni. Bi Redio alikuwepo, akichota maji. Aliona ardhi ikishuka taratibu, kama godoro linavyoshuka mtu akilikalia. Akahamisha ndoo yake ili isitumbukie.

Bi Redio alikuwa fundi cherehani. Chumba chake kilikuwa cha mbele, chenye mlango wa barabarani na mlango wa uani, na ilikuwa vigumu kukikuta kitupu. Watu walileta suruali kupunguzwa, wakakaa mpaka giza likaingia. Habari ikipita mtaani ilipitia kwake kwanza, ikatoka ikiwa bado ya moto na imeongezwa chumvi kiasi. Kwa hiyo kabla ya kesho yake mchana, mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba kinyozi amesema, na ardhi imesikia.

Hakuna aliyemchukia kwa hilo. Kinyozi alikuwa mtu wa watu. Mkono wake ulikuwa mwepesi, wembe wake haukuwahi kumtoa mtu damu, na kwa utani hakuwa na mfano. Wanaume wa mtaa waliendelea kuinua videvu mbele yake kila mwisho wa wiki, wakasema yale ni maneno tu ya nyumbani. Mke wake, aliyekuwa akipiga pasi kwenye hoteli, aliendelea kupita kando ya lile shimo asubuhi na jioni. Siku moja Bi Redio alimkuta amesimama ukingoni, ameinamisha kichwa, kama mtu anayejitazama kwenye kioo.

"Unatafuta nini, mdogo wangu?"

"Nalipima, dada. Naona hata kulala ubavu nitaenea."

Wakaenda polisi pamoja. Askari wa zamu aliwasikiliza vizuri, akawapa na kiti. Aliuliza kama kuna mtu ndani ya shimo. Wakasema hakuna. "Shimo tupu si kosa," alisema. "Likishakuwa na mtu, njooni tufungue jalada." Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, aliwafuata mpaka mlangoni akawaambia kwamba hospitali kubwa, nyuma ya chumba cha meno, kuna dada mmoja anazungumza na watu wa namna hiyo.

Yule dada waliyemkuta nyuma ya chumba cha meno alikuwa na mafua, na wote waliomfahamu walisema hawajawahi kumwona bila mafua. Alikuja uani siku iliyofuata. Hakuuliza maswali ya kijinga. Alivua viatu, akashuka shimoni, akasimama wima. Ukingo ulimfika kifuani.

"Kifuani," alisema, akipenga kamasi. "Si mbaya sana. Nimewahi kupokea wa shingoni." Kisha akamtazama kinyozi, aliyekuwa amesimama pembeni akitabasamu kama mwenye nyumba mbele ya mgeni. "Na wewe, kaka, unataka lizibe?"

Kinyozi alijikuna. "Nikisema sitaki, mtanionaje?"

"Nitakuona mtu mkweli. Njoo kesho."

Akaenda. Alipenda mazungumzo, na aliona kule kuna baraza jipya. Aliporudi aliingia moja kwa moja kwa Bi Redio na kusimulia, watu wakavunjika mbavu. Chumba kilikuwa na viti vya plastiki vichache na wanaume wazito. Mmoja alikuwa dereva wa lori. Nyumbani kwake kamba ilikuwa inaota darini, juu ya kitanda cha kaka yake. Alikuwa anaikata na mkasi, nayo inachipua. Mwingine alikuwa mwalimu wa hesabu. Maji ya bombani kwake yalikuwa yanatoka na sura ya jirani yake, macho yamefumba, na mke wa mwalimu alikuwa amechoka kuyachuja kabla ya kupikia.

"Kuna masharti, jamani," alisema kinyozi. "Huruhusiwi kusema nitamfanyia kitu. Unaulizwa, kitu gani? Unalitaja kwa jina lake. Halafu huruhusiwi kuanza na 'yeye'. Yeye kafanya hivi, yeye kasema vile, hakuna. Unaanza na wewe mwenyewe."

"Ikawaje?"

"Nikaulizwa inaanzia wapi. Nikasema inaanzia kwa mke wangu. Akasema hapana, kwenye mwili wako, inaanzia wapi. Nimejitafuta weee. Kumbe inaanzia nyuma ya masikio. Panachemka."

"Nyuma ya masikio?" aliuliza Mstaafu. "Hapo unaponinyoa mimi?"

"Hapo hapo, mzee."

Hata mke wa kinyozi alicheka siku hiyo, mkono mdomoni.

Mshauri, kama walivyomwita, alikuwa na kazi kwa kila mtu. Kinyozi alitakiwa, masikio yakianza kuchemka, atoke nje bila kuaga na atembee mpaka viganja vipate joto. Alitakiwa, kila akifunga kazi, akabidhi nyembe na mikasi kwa mtu anayemwamini. Alimchagua Bi Redio, naye akazitia kwenye kopo la vifungo. Mke wa kinyozi alitakiwa kujua mlango upi hautafungwa, na Bi Redio akauacha wa kwake bila komeo. Hakuna kilichokuwa cha ajabu katika hayo. Yalikuwa mambo madogo madogo, nayo yalifanya kazi. Mara nyingi kinyozi alionekana akizunguka mtaa kwa mwendo wa haraka, mikono kwapani, na watu wakajua wampishe. Shimo likapanda. Kutoka kifuani likaja kiunoni, kutoka kiunoni likaja mapajani. Sakafu yake ilikuwa inainuka yenyewe, ngumu na safi, kama ardhi ambayo haijawahi kuguswa.

Lilipofika magotini likasimama.

Siku ile kinyozi alirudi bila utani. Aliulizwa hospitali mke wake alikuwa amekosa nini hasa, akajibu, kwa kufuata masharti, "Mimi nilisikia akisema anataka kuondoka." Mshauri akamuuliza, "Na akiondoka, wewe utabaki kuwa nani?" Kinyozi hakuwa na jibu. Mwalimu wa hesabu naye hakuwa nalo, wala dereva wa lori. 

"Magotini ndipo wengi wanakwama," Mshauri alimwambia Bi Redio. "Hapa panachukua muda kuliko kote kule juu. Viti ninavyo vichache, na nje wanasubiri wengine, kwa hiyo huwa naangalia shimo, au kamba, au maji, najua nani bado na nani ametosha. Sina kipimo kingine. Msiliguse, mama. Likae lilivyo."

"Nani aliguse? Sisi tunalizunguka tu."

Na wangelizunguka hivyo hivyo, isingekuwa mwenye nyumba kutangaza kwamba anakuja kukagua. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alishasema kwamba atakayemharibia ua atahama na virago vyake, na watakaomficha watahama naye. Wapangaji walikusanyika kwa Bi Redio, wakajadili. Mstaafu alisema yeye kwa umri wake hahami tena, labda kwa jeneza. Mwingine alisema wamweleze mwenye nyumba ukweli. Wakamtazama mpaka akainama. Bi Redio alizungusha macho chumbani mwake, mlango wa barabarani, mlango wa uani, watu waliobanana kwenye mkeka mpaka kwenye kitanda, na akawaza ni wapi pengine mjini atapata chumba cha kuingiwa na watu namna ile.

"Limebaki magotini tu," alisema. "Hilo ni shimo au ni kidimbwi? Tulifukie, akipita tulifukue."

Wakalifukia. Walitia matofali yaliyovunjika, pamba za godoro kuukuu, na vipande vyote vya vitambaa vilivyokuwa vimejazana chini ya cherehani. Juu wakamwaga zege na kuisawazisha kwa ubao. Kinyozi ndiye aliyebeba matofali mengi kuliko wote, huku akipiga mluzi. Mke wake alikuwa kazini, akinyoosha mashuka ya wageni, na hakuna aliyefikiri kumuuliza.

Mwenye nyumba alikuja, akakagua, akafurahi. Aliikanyaga ile zege kwa kisigino na kusema angalau kuna watu wanaojali mali ya mwenzao. Alikuwa bado amesimama juu yake pale Mshauri alipoingia kwa haraka, kitambaa puani. Hakuwa ametarajiwa.

Aliitazama zege. Akamtazama kinyozi, aliyekuwa anatabasamu. Halafu akamgeukia Bi Redio, kwa sababu mtu akitaka habari ya nyumba ile alimgeukia yeye.

"Limejaa, mama?"

Mwenye nyumba aliuliza, "Nini kimejaa?"

Bi Redio alikuwa mtu ambaye hajawahi kufa na neno kooni. Alishamwambia bibi harusi, mbele ya wakwe, kwamba kiuno kimeongezeka na si kwa kula. Sasa akavitazama viatu vya mwenye nyumba juu ya zege.

"Limejaa, mwanangu," alisema. "Kama unavyoona."

Mshauri akashusha pumzi. Alikuwa amechoka, na pale uani hakuna aliyetamani habari njema kuliko yeye. Akampa kinyozi mkono wa pongezi. Kiti cha kinyozi kule hospitali kilipata mtu mwingine siku hiyo hiyo.

Jioni kinyozi alikuja kwa Bi Redio kuchukua nyembe zake. "Mtu akipona, shemeji, haachi vifaa vyake kwa jirani," alisema kwa utani, na Bi Redio akacheka huku akifungua kopo. Baadaye mkubwa wa hospitali alileta wageni wenye tai wamwone mtu aliyetibiwa akatibika. Kinyozi aliwasimulia habari ya masikio, akamnyoa mmoja wao bure, wakapiga picha. Wageni walisema hawajawahi kuona mkono mwepesi hivyo.

Zege haikushuka hata unywele mmoja. Watoto walichorea juu yake michezo yao. Kamba ya kuanikia ikabaki ilipo, na Mstaafu akasema aliwaambia tangu mwanzo kwamba haikuwa na kosa.

Kisha mke wa kinyozi akaja na sare yake ya kazi ipunguzwe pindo. Alikaa akimsubiri Bi Redio amalize, akazungumza bila kuinua macho.

"Dada, limeingia ndani."

"Nini?"

"Shimo. Liko chini ya kitanda, upande wangu."

Cherehani ikasimama. "Lina kina gani?"

"Nimening'iniza mguu, nimening'iniza na wa pili, sijagusa chini."

Bi Redio alijitanda khanga, akaenda hospitali peke yake, na njiani hakusalimiana na mtu. Alimkuta Mshauri koridoni, karibu na chumba cha meno, viti vya plastiki vimepangwa juu kwa juu. Chumba kilikuwa kimegeuzwa stoo. Akamweleza yote, matofali, pamba, vitambaa, zege. Mshauri alisikiliza mpaka mwisho.

"Uliniambia limejaa, mama."

"Nilikuambia."

"Nami nikamtoa. Sasa nikienda kwa mkubwa nikasema yule wa kwenye picha hajapona, atanijibu nini?"

Alikwenda hata hivyo, na mkubwa alimjibu kwamba mtu aliyeonyeshwa wageni hawezi kuwa mgonjwa. Aliongeza kwamba shughuli ile imefanikiwa, na kwa kuwa imefanikiwa haina tena haja ya chumba. Mshauri alirudi, akapenga kamasi. "Mwambie dada aondoke leo," alisema. "Asisubiri kupakia vyombo."

Mke wa kinyozi aliondoka na mkoba mmoja, akaenda kwa kaka yake, upande wa pili wa mji. Kaka alimpokea vizuri, akampisha chumba cha watoto. Asubuhi walikuta ua umeshuka. Ulikuwa ua mpya wa vigae, kaka alikuwa ndiyo kwanza ameumaliza, na vigae vilikuwa vimeshuka kwa ustadi, mstari kwa mstari, bila hata kimoja kupasuka. Kaka alilizunguka shimo mara kadhaa. Alimpenda dada yake, hilo hakuna aliyelibisha. Akambebea mkoba mpaka kituoni, akamsindikiza hadi mlangoni kwa kinyozi, akasema, "Shemeji, nakurudishia mtu wako. Zungumzeni." Kinyozi akamshukuru. Kabla kaka hajaondoka, kinyozi alimchonga ndevu.

Yeye na Bi Redio walirudi polisi pia. Askari alikuwa yule yule, na aliwakumbuka. Aliuliza shimo liko wapi sasa. Akaambiwa chini ya kitanda. "Hayo ya chumbani," alisema, "sisi hatuingiliani nayo." Safari hii hakuwafuata mlangoni.

Iligundulika kwa bahati tu kwamba kinyozi akila na watu, shimo halikui. Alipitia kwa Bi Redio akiwa na njaa, akakaa kwenye mkeka, akala, akasimulia, akalala mapema. Asubuhi mke wake alining'iniza ufagio chini ya kitanda, akakuta kina ni kile cha jana. Siku alizokula peke yake, shimo lilishuka. Habari ilimfikia kila mpangaji kabla ya chai. Tangu hapo ikawa kazi ya nyumba, kama kufagia choo: leo huyu anampikia, kesho yule. Mstaafu, ambaye hajui kupika, aliagizwa alete utani. Chakula kilikuwa kizuri. Kinyozi alinenepa kidogo, na mtaani walisema ndoa sasa imemkubali.

Hakuna aliyemuuliza tena inaanzia wapi.

Mke wake ndiye aliyekuwa akiosha vyombo, kwa kuwa yote yalifanywa kwa ajili yake. Alasiri moja, akimsaidia Bi Redio kupepeta mchele, alisema, "Yeye mnampa chakula, dada. Mimi mnanipa pole."

"Sasa tufanyeje, mdogo wangu?"

"Sijui. Nyie ndio mnaojua kufukia."

Bi Redio aliendelea kupepeta.  Alitia mchele jikoni. Watu walianza kuingia kama kawaida, mmoja na suruali, mwingine na habari za mtaa wa nyuma, Mstaafu na kikombe chake. Chumba kikajaa. Mke wa kinyozi alikaa pembeni, mgongo ukutani, mahali ambapo aliona milango yote miwili.

Geti la ua likalia. Waliomo wakajua nyayo ni za nani, na pia kwamba leo hazikuja kwa mwendo wa kawaida. Kinyozi hakuwasalimia waliokuwa bombani. Aliipita zege, akaja akasimama kwenye mlango wa uani, na mwanga ukapungua chumbani.

"Mwenzangu yumo humu?"

 Mstaafu alifungua kinywa kuleta utani, akakifunga.

"Nauliza, mke wangu yumo?"

"Yumo," alisema mke wake kutoka pembeni.

Bi Redio alikuwa ameshika upawa. Angeweza kumwambia kwamba zege ile ni uongo wao wote na wa kwake zaidi. Angeweza kumwambia arudi nje, atembee mpaka viganja vipate joto. Alimtazama, akaona nyuma ya masikio yake pamekuwa pekundu. Kisha akawatazama watu wake, wote wamekaa wakimsubiri yeye, kama wanavyomsubiri aanze kusimulia. Akafunua sufuria, mvuke ukapanda.

"Sogeeni, mpisheni shemeji," alisema. Watu wakajibana, na nafasi iliyopatikana ilikuwa moja tu, kando ya mke wa kinyozi, naye akakunja miguu ili itoshe. "Karibu ndani, shemeji. Umekuja wakati wenyewe. Kaa hapo, unawe, ule."